"Ameumwa mguu": madai 14 yamerudishwa, naombeni msaada wa misimbo ya ICD

Karani_wa_Zabibu (Jumatatu, saa 2:40 usiku)

Wakuu, mbukwenyi.

Mimi ni mtu wa kumbukumbu kwenye kituo cha afya upande wa barabara ya Iringa, hapa Dodoma. Ajira ya mkataba, mwezi wa nane sasa. Nimesomea kompyuta, si afya. ICD, ile orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha, nimeikuta kazini, na nilifundishwa nusu siku na dada aliyekuwa anahamia Singida huku lori lenye vyombo vyake likimsubiri nje limewashwa.

Leo asubuhi mganga mfawidhi kaniita. Mezani kuna bahasha ya mfuko wa bima (siutaji), madai 14 yamerudi, yote ya watu walioumwa na mbwa au wanyama wengine miguuni. Kwenye 9 wameandika "msimbo hautambuliki", kwenye 5 "maelezo hayalingani na huduma". Hakunigombeza. Alisema tu, "Kijana, hizi zilikuwa hela za glovu," akarudi kwenye simu yake. Bora angenigombeza.

Naeleza nilivyofanya, mniambie nilipotelea wapi.

Wa kwanza, mtoto wa miaka 13, mchunga mbuzi. Alikatiza shamba la zabibu la watu, mbwa wa mlinzi akamdaka. Huyu nilimwona kwa macho yangu, maana dirisha langu linatazamana na chumba cha vidonda. Kigimbi cha kulia, matundu mawili ya meno upande wa nje na mchaniko mmoja urefu wa kidole gumba, amejifunga kipande cha kanga kilichojaa majivu. Muuguzi kamwosha kwa sabuni na maji ya bomba huku anatazama saa ya ukutani, dakika 15 kamili. Mtoto analia, lakini ukisikiliza halilii jeraha, anamlilia mbuzi mmoja aliyebaki kule shambani.

Faili likaja kwangu na mstari mmoja tu: "Dog bite LL. TT. ARV."

TT ni chanjo ya pepopunda, hiyo naijua. LL nikasoma mguu wa kushoto. Sasa mbona mtoto kaumia kulia? Nikamfuata tabibu, akasema LL yake si "left leg", ni "lower limb", yaani mguu tu, wowote ule. Haya. Nikaingia mtandaoni, nikapata S81.851A na W54.0XXA. Nikafurahi kweli, maana ule msimbo wa kwanza unasema hadi kwamba ni mguu wa kulia na ni jeraha la meno. Nikautumia kwa wote waliong'atwa na mbwa chini ya goti, nikibadilisha tu kulia na kushoto. Ndio hao 9.

Wa pili, mama mmoja. Mapokezi waliandika "anaumwa mguu". Mimi nikaweka M79.6, maumivu ya mguu. Kumbe aliumwa na mbwa! Kwa hiyo dai limekwenda bima likisema mama ana maumivu ya mguu, ametibiwa kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Wa tatu, mzee katoka upande wa Mvumi. "Kagongwa mguu, usiku, njiani." Nikaweka ajali ya barabarani. Alikuwa amegongwa na nyoka.

Na hili la mwisho naona aibu kulisema. Kwenye taarifa ya mwezi nilipiga A82.9, msimbo wa ugonjwa wenyewe wa kichaa cha mbwa, kwa kila aliyechomwa chanjo ya kichaa. Watu 6. Nikapigiwa simu kutoka wilayani nikiwa kwenye daladala, mtu anauliza kwa sauti ya juu: "Hao wagonjwa sita wa kichaa wako wodi gani?" Nikamjibu wamerudi nyumbani. Kimya. "Wamerudi kwa miguu?" Ndiyo. Akakata.

Nina wiki moja kurekebisha. Nawasilisha.

---

Mtaa_wa_Sita (saa 2:58 usiku)

Mkuu samahani, nimecheka hapo kwa mzee wa Mvumi mpaka mke wangu kauliza kuna nini. Mimi si mtu wa afya, nipo Majengo nauza spea. Ila swali la mlei: hiyo "ARV" ya mtoto wa mbuzi si dawa za Ukimwi? Au mimi ndiye sijui?

---

Karani_wa_Zabibu (saa 3:05 usiku)

@Mtaa_wa_Sita duh. Nimeenda kulichungulia dai lake sasa hivi kwenye simu. Tumeandika ARV. Hata mimi sikuliona.

---

MamaMasjala (saa 4:20 usiku)

Karani, mwanangu, pole. Nimefanya kumbukumbu za hospitali miaka 26, nusu yake hapo Dodoma, sasa nafuga kuku huku mtaani Kikuyu. Nimesoma uzi wako mara mbili. Wewe si mzembe, umeingizwa chaka.

Huyo wa spea kakuzidi macho. Chanjo ya kichaa wengine huifupisha ARV kwa herufi za Kiingereza, lakini nchi hii nzima ARV ni dawa za VVU, hakuna anayesoma vingine. Mkague mtoto wa watu asije akawa ameandikiwa kitu kingine kabisa kwenye faili. Mwambie tabibu aandike "chanjo ya kichaa cha mbwa", neno kwa neno. Wino upo.

Sasa misimbo. Ulichokiokota mtandaoni ni ICD-10-CM, toleo ambalo Marekani wamejitengenezea kwa mahitaji yao na wanalitumia tangu tarehe 1 Oktoba 2015. Sisi tunatumia ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani. Ni ndugu, wanafanana sura, lakini kila mmoja ana nyumba yake. Wao wana tarakimu ya kulia na kushoto, wana tarakimu ya kusema jeraha ni la meno, halafu mwishoni wanaweka herufi: A mgonjwa akiwa bado kwenye matibabu yenyewe, D akirudi kufuatiliwa, S kwa makovu na madhara ya baadaye. Hizo X mbili kwenye W54.0XXA hazina maana yoyote, zinajaza nafasi ili A ikae mahali pake. Ya kwetu haina hayo yote. Jeraha wazi la kigimbi au ugoko ni S81.8, basi. Kulia au kushoto kunakaa kwenye maelezo ya daktari, msimbo haukubebei.

Ila mtego mbaya kuliko wote hujaugundua. Hiyo W54.0. Kwa Wamarekani maana yake ni kung'atwa na mbwa, na W54.1 ni kupigwa kikumbo na mbwa. Kwetu W54 peke yake tayari ni kung'atwa au kugongwa na mbwa, na tarakimu ya nne ni MAHALI. Sifuri ni nyumbani. Nne ni barabarani. Saba ni shambani. Kwa hiyo hata ungezifuta zile X na A ukabaki na W54.0, ungekuwa umesema mtoto kang'atwa akiwa nyumbani, wakati alikuwa kwenye mizabibu. Wake ni W54.7. Mfumo ungeipokea bila kelele, na uongo ungelala humo miaka na miaka. Makosa yanayorudishwa si ya kuogopa. Ogopa yale yanayopita.

Mpangilio: jeraha linatangulia, mnyama anafuata. W haisimami peke yake kama ugonjwa mkuu hata siku moja.

A82 muachie mgonjwa mwenye kichaa chenyewe, dalili zimeshaanza. Huyo akifika kwako, mwanangu, harudi nyumbani kwa miguu, ndiyo maana yule wa wilayani alikata simu. Aliyeng'atwa na anayeshukiwa tu, weka jeraha lake, weka W yake, na ukitaka kuonyesha kwamba amekutana na kirusi weka Z20.3. Akirudi kwa ajili ya sindano tu, kidonda hakina shida, ni Z24.2. Na usimhesabu upya kana kwamba mbwa kamuuma tena! Niliwahi kukuta kituo mtu mmoja "ameng'atwa" mara nne ndani ya mwezi, kumbe ni dozi zake.

Sasa neno lenyewe, mguu. Kiswahili chetu mguu unaanzia nyongani unaishia kwenye kucha. ICD imeukata vipande vitatu. Paja liko S71, na msimbo wake ni S71.1. Goti na kushuka chini ni S81: goti lenyewe .0, ugoko na kigimbi .8, na kama majeraha yametapakaa sehemu kadhaa humo ni .7. (Meno ya kinywa kimoja pahala pamoja mimi nayahesabu jeraha moja. Wapo wanaobisha, tumeshabishana sana na chai ikapoa.) Enka na kushuka ni S91: enka .0, vidole .1, kucha ikiharibika .2, sehemu nyingine za wayo .3. Daktari akikuandikia "mguu" tu, unachoruhusiwa ni T13.1, ambayo ni kukiri kwamba hujui ni wapi. Na mkwaruzo ambao meno hayakutoboa ngozi hauingii kwenye majeraha wazi; kwa ugoko na kigimbi unakwenda S80.8.

Mzee wa nyoka: kama sumu iliingia, T63.0 pamoja na X20, na tarakimu ya mahali pia. Kama ni nyoka asiye na sumu, unabaki na jeraha la S na W59.

La mwisho, na hili usilifanyie mzaha. Unasema ulimwona mtoto dirishani, kigimbi cha kulia. Vizuri. Lakini hukuruhusiwa kuandika ulichokiona. Wewe unasimba kilichoandikwa na aliyetibu. Kama hakikuandikwa, unamrudishia faili mwenyewe aandike nyongeza chini, tarehe ya leo na saini yake. Kosa la zamani linachorwa mstari mmoja na linabaki linasomeka. Ukifuta au ukibandika, hilo si rekebisho tena, na bima wakiliona utaitwa majina usiyoyapenda.

---

Tabibu_wa_Kondoa (Jumanne, saa 12:15 asubuhi)

Shikamoo Mama Masjala. Hapo kwenye wino umetupiga wengi.

Naomba nitetee kidogo upande wetu. Siku ya gulio mimi naona watu zaidi ya 70. Mstari mmoja wa "dog bite LL" si dharau, ni foleni. Lakini nakiri, kwa majeraha ya meno mstari mmoja haumsaidii hata tabibu wa zamu ya kesho, achilia mbali karani. Nilijifunza kwa fisi.

Alikuja kijana wa kuchunga, fisi kamkwapua paja usiku zizini. Mwenzangu wa zamu ya usiku aliandika "animal bite, leg". Kiingereza cha vitabu vyetu "leg" ni goti mpaka enka, paja halimo. Asubuhi nikafungua faili, nikamwambia avue soksi! Jamaa ananiangalia kama mimi ndiye ninayeumwa. Kuvuta shuka, jeraha liko pajani, limeshonwa lote limefungwa kabisa, wakati jeraha la meno ya mnyama anayeshukiwa hatulikimbilii kulishona. Linaoshwa, linaachwa wazi au linashonwa kwa kuchelewa, na kama hapana budi basi imunoglobulini (kingamwili zilizo tayari dhidi ya kichaa) iingie kwanza ndani na kuzunguka kidonda. Hakukuwa na neno hata moja kama alioshwa, kwa muda gani, au kama fisi alikuja peke yake bila woga. Nikaanza upya kama vile ndiyo kwanza kafika.

(Karani, fisi ni W55. Huyu wa zizini tulibishana kama zizi la nyuma ya nyumba ni nyumbani au shambani. Sikumbuki tuliishia wapi.)

Sasa naandika hivi, na haizidi nusu dakika: mnyama gani, wa nani, yuko wapi sasa, amechanjwa au hapana, alichokozwa au alianza mwenyewe. Kisha upande, sehemu, idadi, urefu kwa sentimita, kina. Halafu daraja la WHO, maana ndilo linaloamua tiba. La kwanza kalambwa kwenye ngozi nzima, hapewi chanjo. La pili mkwaruzo mdogo usiotoka damu, anachanjwa. La tatu meno yamepenya, au mate yameingia kwenye kidonda au machoni, huyo ni chanjo pamoja na imunoglobulini. Ukiona nimeandika daraja la tatu, bima haina la kuuliza kuhusu "huduma kutolingana".

Kuhusu mbwa kuwa wapi: watu wanadhani ni umbea. Mbwa akiwa hai, mzima, baada ya siku 10 za kuangaliwa, habari njema. Sasa kijijini wakisikia mbwa kauma wanamuua saa hiyo hiyo na kumtupa korongoni, ushahidi umekwenda.

Na siku ya 0 ni siku ya sindano ya kwanza. Kang'atwa Ijumaa kafika Jumatatu, sifuri ni Jumatatu. Nimeona kadi zimehesabiwa kuanzia kung'atwa na mtu akakosa dozi ya siku ya 3, eti imeshapita.

---

Nkuhungu_Moja (saa 1:02 asubuhi)

Na aliyeng'atwa na mtu? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

---

MamaMasjala (saa 1:30 asubuhi)

Rafiki yako apitie polisi kuchukua PF3 kama ulikuwa ugomvi. Jeraha ni lile lile la S, sababu ni Y04, shambulio. Kama ni mtoto alimuuma kwa bahati mbaya wakicheza, W50. Na mwambie ameze dawa za kuzuia maambukizi atakazoandikiwa azimalize. Mdomo wa binadamu ni mchafu, usiudharau kwa sababu unaongea.

---

Karani_wa_Zabibu (Ijumaa, saa 11:10 jioni)

Shikamoo mama, na asante kaka wa Kondoa. Naleta mrejesho.

Jumatano nilibeba mafaili 14 kwenye beseni la plastiki nikaenda nayo chumba cha tabibu saa nane, foleni ilipopungua. Nilitegemea kufukuzwa. Alichukua la kwanza, akaangalia ule mstari wake kwa muda, akasema, "Hivi hii niliandika mimi?" Akatoa kalamu. Yale aliyoyatibu yeye mwenyewe, 11, aliyakumbuka. Akaongeza maelezo chini, tarehe ya Jumatano, saini. Yule wa mbuzi alimkumbuka haraka kuliko wote, kwa sababu ya kelele. "Kigimbi cha kulia, upande wa nje, matundu 2, mchaniko sm 5, mbwa wa mlinzi, amefungwa, mwenye shamba anasema alichanjwa, kadi haijaonekana. Daraja la tatu." Mimi nilikuwa nimesema urefu wa kidole gumba. Nikanyamaza.

Nimeweka S81.8 na W54.7. ARV imepigwa mstari, pembeni imeandikwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mama mwenye "anaumwa mguu" alikuwa kang'atwa kwenye wayo, S91.3, barabarani, W54.4. Nimeongea na dada wa mapokezi, tumekubaliana mbwa akihusika aandike "kang'atwa". Akaniuliza, na nyoka je? Tukabaki tunaangaliana, maana kwao Kongwa nyoka anagonga, hang'ati. Tumekubaliana aandike "nyoka" kwa herufi kubwa, kitenzi achague mwenyewe. Mzee wa Mvumi ni kifutu, mguu ulivimba mpaka gotini, T63.0 na X20.4.

Wilayani nimetuma taarifa iliyorekebishwa. Wale sita wameshatoka kwenye kichaa. Hakuna aliyenipigia.

Yamebaki mafaili matatu. Aliyetibu alikuwa daktari wa mazoezi, kamaliza muda wake kaondoka, na maandishi ni "bite wound LL" tu, hata mnyama hajatajwa. Mmoja ana namba ya simu, nimempigia mara nne haipatikani. Mfawidhi kaniuliza kama siwezi "kukadiria". Nimemwonyesha maneno ya Mama Masjala kwenye simu. Akayasoma, akavua miwani, akasema basi peleka 11.

Hayo matatu nimeyawekea T13.1 kwenye rejista, na kwenye bahasha ya bima hayamo.

---

Mtaa_wa_Sita (saa 11:25 jioni)

Mkuu, na mbuzi?

---

Karani_wa_Zabibu (saa 11:31 jioni)

Haijaandikwa.